Kioo cha Kabati Ndani ya Televisheni

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha barabarani. Mimi nilikuwa nimekaa vumbini, na televisheni ya Mgiriki ilikuwa imelala ubavu kando ya mkokoteni.

Kwa aliyekosa gazeti, naitwa Asani, fundi wa makochi, wa zone ya Kenya, ambayo si nchi bali sehemu ya mji, hapa Lubumbashi. Mgiriki mmoja aliyefunga duka na kurudi kwao alinipa televisheni hiyo kwa sababu nilimtengenezea masanduku ya safari. Haikuwa kama televisheni za watu wengine. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Ndani yake mlikuwa na taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, ambazo zilitupa picha juu ya kioo, na kioo kikaitupa picha mbele kwenye skrini.

Niliitaka kwa ajili ya mama mkwe wangu, Bibi Rabia, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kwenye televisheni ndogo za majirani hakuona kitu. Nilisema hii ataiona.

Basi tukaifikisha nyumbani, tukaiwasha. Ikawaka.

Lakini kila mtu alikuja mara tatu. Msomaji wa habari mwekundu, msomaji wa habari wa kijani, msomaji wa habari wa bluu, bega kwa bega, wote wakisema neno moja.

Mke wangu Mwajuma alishika mdomo. Bibi Rabia peke yake alifurahi.

"Njo vile mi naonaka bantu siku yote," alisema. "Leo na nyinyi munaona sawa mimi."

Nikamwita Lucien, mtengeneza televisheni wa pale karibu na soko. Alifungua nyuma kidogo, akachungulia, akafunga. Akataja bei. Nilidhani ananiuzia nyumba.

"Basi acha," nikamwambia.

"Sawa, Baba Bahati. Lakini hapana kugusa ndani. Iko umeme ya kuua muntu, hata kama umechomoa."

Alipotoka, Mwajuma alinigeukia.

"Baba Bahati, lipa muntu wa kazi."

"Ya nini? Iko kabati hii, Mama Bahati. Iko mbao, iko misumari, iko kioo ndani. Tangu lini fundi wa mbao analipa muntu ju ya kufungua kabati?"

Mwajuma alienda jikoni, na nikasikia sufuria zikiongea badala yake.

Ningeiacha ilivyo, nawaambia kweli. Lakini kulikuwa na jambo la Bahati.

Bahati ni mtoto wetu wa kwanza. Kijana mmoja muuguzi, Alimasi, alimpenda, naye akampenda, na hatukuwa na neno juu yake. Baba yake alikuwa amefariki, kwa hiyo mwenye kuja kuposa alikuwa baba yake mdogo, Mzee Sudi. Na Mzee Sudi alikuwa président wa seluli, yaani mwenyekiti wa tawi la Chama katika mtaa wetu. Chama kilikuwa kimoja tu nchi nzima, kwa hiyo mnaelewa uzito wake.

Mzee Sudi alichagua kuja tarehe ishirini ya mwezi wa tano, sikukuu ya Chama, baada ya maandamano.

"Nasikia kwako Mukubwa wa inchi anaonekana sawa muntu muzima," aliniambia njiani. "Tutakuja. Tutaangalia hotuba, kisha tutaongea mambo ya batoto."

Nilisema karibu. Ningesema nini kingine?

Siku iliyofuata niliichomoa televisheni, nikageuza mgongo wake, nikatoa ubao wa nyuma. Ndani palikuwa kama jiko la harusi, masufuria matatu yamepangwa, na nyaya zikipita huku na huku. Juu yake kulikuwa na kioo kikubwa kimelala mshazari, kimejaa vumbi la miaka ya Mgiriki.

Lucien alisema kweli kuhusu umeme. Niligusa waya mmoja mnene, kitu kikanipiga kiwiko, na nikajikuta nimekaa ndani ya karai la nguo.

Mwajuma alichungulia. "Unafanya nini?"

"Napima," nikasema.

Nikaamua kuanza na kioo, maana kioo nakijua. Nilichukua kitambaa na ile dawa ya kung'arishia shaba, nikasugua kwa nguvu, kama ninavyosugua meza ya mteja mkubwa. Vumbi likatoka. Nikaendelea. Kitambaa kikawa cheusi. Nikaendelea tena. Kitambaa kikaanza kung'aa.

Nikasimama. Kioo cha kawaida kina rangi yake ya fedha upande wa nyuma, imefunikwa. Hiki, kumbe, fedha yake ilikuwa mbele. Nilikuwa nimeisugua yote. Sasa kioo kilionyesha misumari ya ubao uliokuwa nyuma yake, na fedha ilikuwa mkononi mwangu.

Nikafikiri ni wapi ndani ya nyumba yangu kuna kioo kikubwa kiasi kile.

Jibu lilikuwa chumbani. Nilipomwoa Mwajuma nilimtengenezea kabati la mninga, na mlangoni nikaweka kioo kirefu kilicholetwa kwa treni kutoka Sakania. Ni kitu alichowaonyesha wageni kabla hajawapa hata maji ya kunywa.

Mwajuma alikuwa sokoni. Nikakitoa, nikakikata, nikakiingiza ndani ya televisheni. Kilikaa vizuri sana. Kazi ya mikono yangu sijawahi kuionea haya.

Aliporudi alienda chumbani kuvua kilemba. Akaniita, bila kupaza sauti.

"Baba Bahati, kioo yangu iko wapi?"

"Iko ndani ya televisheni."

Aliketi kitandani.

"Donc, basi, nikitaka kuchana nywele, niingie ndani ya televisheni."

"Ni kwa siku kidogo tu, Mama Bahati. Ju ya mutoto."

"Mutoto hakukuomba kioo yangu," alisema, akafunga tena kilemba kwa kupapasa.

Jioni niliiwasha mbele ya familia yote. Watu watatu wakawa sita. Kioo cha kabati, kwa kuwa fedha yake ilikuwa nyuma, kilitupa kila picha mara mbili, moja nene na moja nyembamba kando yake. Timu za mpira zilijaza uwanja mpaka hapakuwa na majani.

"Sasa hii ni mingi hata kwangu," alisema Bibi Rabia.

Lakini sikukata tamaa. Kwenye shingo ya kila taa kulikuwa na kikonyo cha plastiki chenye nyaya. Nikavichomoa vyote nivisafishe, nikavirudisha. Vilifanana, kulia na kushoto, sawasawa kabisa, na kimoja nadhani nilikirudisha kinyume. Nilipowasha, picha ya kijani ilikuwa imesimama, ya bluu imesimama, na ile nyekundu ilikuwa kichwa chini.

Nilijaribu kuikaza, kuilegeza, kuigeuza. Nikazungusha kila skrubu niliyoiona. Nyekundu ilibaki kichwa chini, na kila nilipogusa karibu na shingo yake, umeme ulinikumbusha maneno ya Lucien.

Wakati huo ndipo wazo lilipokuja, na mpaka leo nasema lilikuwa wazo zuri. Kama watu ni wengi mno, wapunguze. Nilikata vipande viwili vya kitambaa kizito cheusi, kile ninachofunika chini ya makochi. Nikavibandika kwa gundi juu ya taa nyekundu na taa ya bluu. Nikaacha ya kijani peke yake.

Nikawasha. Mtu mmoja, amesimama, kichwa juu. Kando yake kivuli chembamba tu, ambacho ukikaa mbali hukioni. Alikuwa kijani kama jani la muhogo, lakini alikuwa mmoja.

Bahati alinishika mkono. "Baba, umeweza."

Mwajuma aliangalia skrini, akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu kioo kitoke mlangoni, akacheka kidogo.

Siku ya sikukuu wageni walifika baada ya adhuhuri. Mzee Sudi alikuwa ndani ya abacost yake mpya, ile suti ya Chama isiyo na tai. Alimasi alikuja nyuma yake na viatu vilivyong'aa kuliko kioo chochote nilichobaki nacho. Na pamoja nao alikuja mtu ambaye hatukumtegemea, Mama Nkandu, kiongozi wa wanawake wa Chama mtaani kwetu.

Kila mtu alijua Mama Nkandu anakitaka kiti cha Mzee Sudi. Lakini siku kama ile, mwenzako wa Chama akisema anakusindikiza, utamwambia arudi?

Tukawaketisha. Bahati alisimama nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Mwajuma akaleta soda. Bibi Rabia alikuwa amekaa mbele kabisa, pua karibu na skrini. Nikawasha.

Maandamano ya Kinshasa yakajaa sebuleni kwetu. Mzee Sudi aliinamisha kichwa, akakodoa macho.

"Asani, ju ya nini bintu byote biko kijani?"

Mwajuma, akiwa bado na sinia mkononi, alijibu kana kwamba swali lilikuwa lake.

"Ju ya sikukuu, Mzee. Kijani njo rangi ya Chama."

Mzee Sudi aliegemea kochi taratibu. Uso wake ulifunguka.

"Citoyenne Nkandu, umesikia? Hii njo nyumba ya militant, muntu wa Chama kabisa. Hata televisheni yabo imevaa."

Mama Nkandu alikunywa soda.

Kuanzia hapo mambo yalienda vizuri kuliko nilivyoomba. Hotuba ikaendelea, Mzee Sudi akitikisa kichwa kila mahali panapotakiwa. Katikati aliniinamia, akaniambia kwamba Alimasi hanywi pombe, hapigani, na kwamba yeye haoni neno la kuchelewesha watoto. Nyuma ya pazia nikaona vidole vya mguu vya Bahati vikicheza.

Hotuba ikaisha. Bendi ikaanza wimbo wa Chama, na uso wa Mkubwa wa nchi ukajaza skrini yote, kofia yake ikifika juu kabisa.

Tukasimama wote, mikono imenyooka. Wakati ule wimbo ukipigwa husogei. Ilisemekana mtu mmoja wa mtaa wa pili alitiwa ndani kwa sababu tu alifungia karanga kwenye ukurasa wa gazeti wenye picha ya Mkubwa. Mimi sikumjua, lakini nilimwogopa kama ningemjua.

Tulikuwa tumesimama hivyo niliposikia kitu kikidondoka ndani ya televisheni. Kitu laini, kama nguo inayoteleza kutoka kitandani.

Taa zile zilikuwa zimewaka muda mrefu, na gundi yangu ya makochi haipendi joto; kitambaa cha taa nyekundu kilikuwa kimeanguka.

Kutoka chini ya skrini kikapanda kichwa chekundu. Kidevu kilikuwa juu, kola ya shati imeelekea mbinguni, kofia imeelekea sakafuni. Kilikuwa na miwani ileile, macho yaleyale. Sasa Mkubwa wa nchi alikuwa anajitazama, wa kijani kutoka juu na mwekundu kutoka chini, pua kwa pua.

Nilitaka kuruka nizime. Lakini kusogea wimbo ukipigwa ni kosa, na kumzima Mkubwa katikati ya wimbo wake ni kosa la pili. Nikabaki mahali pangu. Hakuna aliyesogea.

"Huyu mwekundu anayetembea kwa kichwa," aliuliza Bibi Rabia, "ni nani?"

"Mama, nyamaza," alisema Mwajuma bila kufungua midomo.

"Mi nauliza tu. Wa kijani namujua."

Nikaona mabega ya Mzee Sudi yanatikisika. Nilifikiri ni hasira. Akabana midomo, akapanua pua, akaangalia dari. Kisha kikamtoka, kicheko kikubwa cha tumboni, cha mtu aliyekizuia miaka mingi. Akajaribu kukigeuza kiwe wimbo. Haikuwezekana. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye abacost.

Mimi naye tulitazamana, na Mungu anisamehe, nikacheka. Alimasi akacheka. Pazia likacheka.

Wimbo ukaisha. Ni Mama Nkandu peke yake aliyekuwa bado amenyoosha mikono.

"Citoyen Sudi," alisema, "umecheka."

"Nimekohoa."

"Umecheka. Mukubwa wa inchi amesimama kichwa chini ndani ya nyumba ya muntu, na président wa seluli anacheka."

"Dada yangu, ni mashini tu, imeharibika."

"Mi siko dada yako leo."

Nikainua mkono kuelekea kwenye swichi. Akanizuia kwa kidole kimoja.

"Hapana kuzima. Hapana kugusa kintu. Alimasi, enda ofisi ya zone, bakubwa bako pale leo ju ya sikukuu. Ambia bakuje baone na macho yabo."

Alimasi alimwangalia baba yake mdogo, akaniangalia mimi, akaliangalia pazia.

"Mama, tafazali," alisema.

"Ama nitaenda mimi, na jina lako nitaliweka mbele."

Kijana akatoka. Bahati alitoka nyuma ya pazia bila kujali desturi, akasimama dirishani kumwangalia akienda.

Mzee Sudi alikuwa ameketi. Uso wake, ambao dakika chache nyuma ulikuwa wa mwenye harusi, ulikuwa wa mfiwa.

"Asani," alinong'ona, "kile kichwa unaweza kukipindua?"

"Waya yake iko nyuma, Mzee."

"Basi enda nyuma."

Lakini Mama Nkandu alisikia. Aliinuka, akaenda kusimama mbele ya televisheni, ametugeuzia mgongo, mikono kiunoni, kama askari wa benki. Alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu, kile kilichochapwa picha ya Mkubwa wa nchi ndani ya duara, kimeshonwa vazi zima.

Sasa, kazi yangu ni vitambaa. Kabla sijakata naangalia kwanza maua yanaelekea wapi, kwa sababu kitambaa ukikipitisha juu ya kochi bila kukikata, mbele maua yatasimama na nyuma yatakuwa kichwa chini. Huo ni mwanzo wa kazi, kila mwanafunzi anaujua.

Fundi wa Mama Nkandu hakuangalia.

Mbele, Mkubwa wa nchi alikuwa amesimama vizuri. Nyuma, mahali pale mtu anapokalia, alikuwa kichwa chini, ndani ya duara lake, akitabasamu. Na asubuhi ileile Mama Nkandu alikuwa ametembea mbele ya wanawake wote wa mtaa, akapita jukwaa la wakubwa.

Nikamgusa Mzee Sudi. Nikamwonyesha kwa macho.

Aliangalia muda mrefu. Akafuta uso kwa kitambaa.

"Mwambie," alinong'ona.

"Mimi? Nimwambie niliangalia wapi?"

"Wewe ni muntu wa bitambaa."

"Wewe ni président wa seluli, Mzee."

"Muke wangu akisikia niliangalia pale, heri bantu ba zone."

Mwajuma alikuwa nyuma yetu. Sikujua tangu lini. Aliangalia tulipoangalia, mimi nikajiandaa kwa maneno, lakini yeye aliweka sinia mezani. Akaenda taratibu mpaka kwa Mama Nkandu, akamwekea mkono begani kama dada, akamsemesha sikioni.

Alisema nini, sikusikia. Nilichoona ni mkono wa kulia wa Mama Nkandu. Ulitoka kiunoni, ukaenda nyuma polepole, ukapapasa kitambaa, ukakivuta pembeni ili macho yake yafike. Kisha ukabaki pale.

Uani viatu vilisikika, viatu vya watu wengi.

"Hodi," ilisema sauti ya Alimasi, sauti ya mtu asiyetaka kukaribishwa. "Nimekuja nabo."

Mama Nkandu aliketi kwenye kochi la karibu kwa kishindo, mpaka springi zangu zikalia. Akajivutia mto, akauweka upande mmoja, na mwingine upande wa pili.

Mlango ukafunguliwa. Waliingia wanaume watatu wa zone, abacost zimepigwa pasi, beji za Chama kifuani. Wa kwanza, mwenye tumbo, aliiangalia televisheni, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Alifungua mdomo aulize. Kabla hajauliza, huko Kinshasa bendi ilianza tena wimbo wa Chama, wa kufunga sherehe.

Wale watatu wakanyoosha mikono. Mzee Sudi akasimama. Mimi nikasimama, na Mwajuma, na Bahati, na Alimasi mlangoni. Hata Bibi Rabia alijikongoja, akasimama na fimbo yake.

Mwenye tumbo aligeuza macho bila kugeuza shingo, akatuhesabu mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye kochi.

Mama Nkandu peke yake alikuwa amekaa.